Gari la umeme likikataa chaji: kabla ya kuzika betri, tazama tundu

Tangu jirani zangu waone nachaji gari uani kama mtu anavyochaji simu, nimekuwa fundi bila kuomba. Nikitoka msikitini baada ya Isha hakosi mtu wa kunivuta kando. Zamani waliuliza gari linakwenda kilomita ngapi. Siku hizi swali ni moja: "Sheikh, gari limekataa chaji. Fundi anasema betri imekufa. Nifanyeje?"

Jibu langu huwa lilelile. Betri kubwa ya gari haifi kwa usiku mmoja. Huchoka pole pole, mwaka baada ya mwaka, na mwenye gari huiona ikichoka kwa sababu safari zinafupika. Gari lililochaji vizuri jana, leo likakataa katakata, mara nyingi ugonjwa wake uko mahali pepesi zaidi: kwenye tundu la kuchajia, kwenye kebo, au kwenye soketi ya ukutani. Nalisema hili mapema kwa sababu betri ni sehemu kubwa ya mali iliyomo ndani ya gari hilo. Ukiamini maneno ya kijana aliyezoea injini za dizeli, utauza gari zima kwa bei ya chuma chakavu, na atakayelinunua atalisafisha tundu kwa brashi ya mswaki na kuondoka nalo.

Mimi si fundi wa kampuni yoyote. Nilisomea stashahada ya umeme, nikafunga waya za majumba miaka kadhaa kabla ya kushika kalamu, na gari langu ni Nissan Leaf mtumba kutoka Japani, kama mengi ninayoyaona hapa Mombasa. Ninayoyaandika ni ya mtu wa aina hiyo.

Tuanze na kinachotokea ukichomeka. Wengi hudhani lile boksi la ukutani, au lile dogo lililo katikati ya kebo, ndiyo chaja. Siyo. Ukiacha zile mashine kubwa za kuchaji kwa haraka, chaja yenyewe imo ndani ya gari. Ndiyo inayogeuza umeme wa nyumbani uwe wa kuingia kwenye betri. Boksi la nje ni bawabu tu, anafungua mlango na kufunga.

Bawabu huyu hafungui ovyo. Tundu la Type 1, ambalo ndilo lililoko kwenye Leaf za Japani, lina pini tano. Mbili nene ni za umeme wenyewe. Moja ni ya ethi, ule waya wa kijani na manjano. Mbili nyembamba hazibebi umeme wa kuchaji hata kidogo, kazi yake ni mazungumzo. Boksi hupeleka volti 12 kwenye pini moja nyembamba, ndiyo hodi yake. Gari likishachomekwa huzishusha volti hizo hadi 9, yaani nimesikia, nipo. Likiwa tayari kupokea huzishusha hadi 6, yaani karibu ndani. Hapo ndipo unaposikia "tak!" ndani ya boksi na umeme ukapita. Pini nyembamba ya pili huliambia gari kama kichwa cha kebo kimekaa sawasawa, na kama kuna mtu amebonyeza kitufe cha kuchomolea.

Sasa fikiria chembe ya chumvi kwenye pini ya hodi. Bawabu anabisha, hajibiwi. Gari zima, betri nzima, chaja nzima, na hakuna kinachopita. Hapo fundi anayetazama kwa macho tu atakwambia betri imekufa, kwa sababu betri ndilo jina pekee analolijua kwenye gari la umeme.

Kabla hata ya kuinama kutazama tundu, yaondoe mambo mawili ambayo si ya tundu kabisa.

La kwanza ni saa. Leaf ya mtumba huja na kumbukumbu za mwenyewe wa kwanza, na wengi huko Japani hulitegea gari lichaji usiku tu, umeme ukiwa rahisi. Menyu imeandikwa Kijapani, wewe huoni lolote. Japani iko mbele yetu kwa saa sita. Aliyetega saa saba usiku ya kwao, kwetu hapa ni saa moja jioni. Basi gari linashushwa bandarini, mwenyewe analichomeka mchana, kimya. Linachomekwa alasiri, kimya. Maghrib ikipita taa za samawati juu ya dashibodi zinaanza kumeta zenyewe. Namjua mmoja alikuwa karibu kumwita mtu amsomee gari. Kilichotakiwa ni kuifuta ile saa kwenye menyu.

La pili ni betri ndogo ya volti 12, ileile iliyomo kwenye gari lolote. Gari la umeme nalo linayo, na ndiyo inayoamsha kompyuta zake. Ikidhoofika, gari linashindwa kujibu hodi hata kama betri kubwa imejaa. Huonyesha taa za ajabu ajabu, au halionyeshi kitu. Joto letu huzila betri hizi. Kuipima ni dakika mbili kwa fundi yeyote wa waya, na bei yake ni ya betri ya gari la kawaida, si ya kiwanja.

Yote mawili yakiwa salama, sasa inama.

Tundu la gari lililoishi Nairobi na la gari lililoishi Kizingo au Nyali si sawa. Sisi tunakaa na bahari. Kusi likivuma, upepo huleta mvuke wa chumvi unaoonekana kwenye vioo vya madirisha, na chumvi hiyohiyo huingia kwenye kifuniko cha chaji kila unapokifungua. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo pini hazikauki vizuri hata siku zisizo na mvua. Pini zimetengenezwa kwa shaba na kupakwa utando mwembamba wa fedha. Utando ukichujuka, shaba hutoa ule ukungu wa kijani mnaoujua kwenye sinia za bibi zisizosuguliwa. Ukiona kijani au unga mweupe, ni bahari. Ukiona weusi wa kuungua au plastiki iliyobadilika rangi, hiyo ni habari nyingine nitakayoifikia.

Kisha kuna wageni. Nyigu wa udongo anapenda tundu la pini kuliko mahali popote duniani, ni kama amejengewa. Gari likikaa wiki mbili bila kutumika na kifuniko kikiwa hakifungi vizuri, utakuta nyumba yake humo. Sisimizi nao. Matundu mengi ya chaji yana kitundu cha chini cha kutolea maji, na hicho kikizibwa na udongo, maji ya masika hubaki ndani yakizunguka pini.

Kusafisha si kazi kubwa, lakini ina adabu zake. Zima gari, chomoa kebo, na upande wa ukutani pia zima swichi uchomoe. Tumia brashi laini iliyo kavu, mswaki mpya unatosha, kisha pulizia hewa kavu. Ile dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, inayokauka yenyewe bila kuacha mafuta, inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme. Puliza, subiri ikauke kabisa, kisha jaribu. Usitumie WD-40 wala mafuta ya aina yoyote, hushika vumbi na mchanga ukapata tope. Usitumie msasa, maana unauondoa utando wa fedha na mwezi ujao kijani kitarudi maradufu. Usitie sindano, msumari wala bisibisi. Na kama gari lako lina matundu mawili kama Leaf, lile kubwa ni la CHAdeMO, la kuchaji kwa haraka, na huelekea moja kwa moja kwenye upande wa betri kubwa wa mamia ya volti. Hilo futa kifuniko chake tu, ndani mwachie anayelijua. Vivyo hivyo waya wowote wa rangi ya chungwa ndani ya gari. Rangi hiyo haikuwekwa kwa urembo.

Usisahau kichwa cha kebo, maana watu husafisha gari na kuacha kebo ilale sakafuni mchangani. Kichwa cha Type 1 kina kitufe na ndoano juu. Springi ya ndoano ikichoka, gari huamini kila dakika kwamba unachomoa, na chaji hukatika na kurudi, kukatika na kurudi. Ukikishikilia kichwa kwa mkono na chaji ikatulia, umeshampata mgonjwa. Ni kebo, si gari.

Kwenye magari yenye Type 2 matatizo hugeuka: gari lenyewe ndilo linalotoa kijichuma cha kufunga kichwa kisiibwe, na kijichuma hicho kikishikwa na chumvi, kebo haitoki. Usivute kwa nguvu za kuvutia ngalawa. Zima chaji, fungua milango kwa ufunguo, sukuma kichwa ndani kidogo huku ukibonyeza tena kufungua. Magari mengine yana kamba ya dharura ndani ya buti au chini ya boneti, kitabu cha gari kitakuonyesha.

Nije kwenye weusi wa kuungua. Kiungo kibovu cha umeme hutoa joto, na joto hilo halipandi kwa hesabu ya kawaida. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto linapanda mara nne. Chukua kiungo chenye kizuizi cha sehemu moja ya kumi ya ohm, kidogo kabisa. Ukichaji kwa ampea 10 kinatoa wati 10, utahisi uvuguvugu. Kiungo hichohicho ukikipitishia ampea 30 kwenye chaja kubwa ya ukutani, kinatoa wati 90. Kumbuka zile balbu za zamani za wati 100 zilivyokuwa zikiunguza vidole. Balbu hiyo imejificha ndani ya plastiki, inawaka saa tano mfululizo na wewe umelala.

Nyumbani hatari kubwa zaidi mara nyingi si tundu la gari, ni soketi. Soketi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13, na imezoea birika la chai la dakika tano, si mzigo wa usiku kucha. Kwa volti zetu 240 na ampea 10 unapata kilowati 2.4. Leaf ya zamani ya kilowati-saa 24 itachukua saa kumi na zaidi kujaa, na ile ya 40 hata usiku mzima haitoshi. Kebo nyingi zinazokuja na Leaf kutoka Japani ni za volti 200 na ampea 15, na plagi yake haiingii kwetu. Kinachofanyika mitaani ni kuikata na kufunga plagi yetu ya fyuzi ya ampea 13. Hesabu haikubali hapo. Plagi inaiva, fyuzi inakatika, na mjuaji anaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Nunua kebo iliyotengenezwa kwa volti zetu, inayokuruhusu kuchagua ampea 8 au 10, na ufungiwe soketi nzito yenye waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la mita. Saa moja baada ya kuanza kuchaji, gusa plagi. Uvuguvugu sawa. Ikikufanya uondoe mkono, zima. Ekstensheni ya kukunjakunja usiitumie kabisa.

Kuhusu maumbo ya matundu nitapita haraka. Magari ya Japani huja na Type 1 na CHAdeMO, yanayouzwa mapya hapa Kenya kwa kawaida huja na Type 2 na CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la Uchina yana GB/T, inayofanana kwa macho na Type 2 lakini haviingiliani. Adapta ya kutoka Type 2 kwenda Type 1 ni kitu chepesi, nzuri inafaa. Adapta za kuchaji kwa haraka zina kompyuta ndani, na ya bei ya mahindi ya kuchoma usiikaribishe. Anayenunua gari aulize tundu kabla ya kuuliza rangi.

Sasa niseme lililonifanya niandike haya. Jirani yangu mmoja ni dereva wa teksi. Gari lake la umeme ni la mkopo, na kila wiki lazima alipe. Masika yote alichaji nyumbani bila shida. Kaskazi ilipoingia, ardhi ikakauka, gari likaanza kukataa: leo linachaji, kesho boksi linawaka taa nyekundu. Fundi wa kwanza akamwambia chaja ya ndani imeungua na akamtajia bei iliyomlaza macho. Akaja kwangu. Nikamwambia alete gari uani kwangu. Likachaji bila maneno. Kwa hiyo gari zima. Nyumba ndiyo mgonjwa.

Kabla sijapata nafasi ya kwenda kwake, fundi wa pili alishampa "dawa". Alifungua plagi na kuunganisha waya wa nyutro na pini ya ethi kwa kipande kidogo cha waya. Taa nyekundu ikazima, gari likachaji, akalipwa akaenda zake.

Dawa hii imeenea, na naomba uielewe vizuri. Kabla ya kufungua mlango, boksi la kuchajia hukagua kama kuna ethi ya kweli, kwa sababu ethi imeungwa na bodi ya gari. Umeme ukivuja kwenye bodi, ethi huubeba kwenda ardhini na swichi ya usalama hukata. Ukiiunganisha ethi na nyutro ndani ya plagi, boksi linadanganywa. Siku nyutro itakayokatika, na kwetu viungo vya nguzoni huliwa na chumvi vilevile, umeme utatafuta njia ya kurudi kupitia bodi ya gari. Mbaya zaidi, nyumba nyingi za kupanga zina soketi zilizofungwa kinyume, laini mahali pa nyutro. Kwenye soketi kama hiyo, kile kipande cha waya kinaweka volti 240 kwenye mlango wa gari siku hiyohiyo, bila kusubiri kitu kikatike. Matairi ni mpira, kwa hiyo gari halitaonyesha lolote mpaka aje mtu mwenye miguu peku kwenye saruji yenye maji.

Watoto wa jirani yangu huliosha gari kila Ijumaa asubuhi. Nilizipima soketi zake. Ile aliyokuwa akichajia ilikuwa sawa. Ya jikoni, hatua nne kutoka pale, ilikuwa kinyume.

Nilipomwambia tuutoe ule waya alikasirika, na simlaumu. "Kaka, wewe una mshahara. Mimi nisipochaji leo, kesho sina kitu." Tukakubaliana achaji kwangu, ananunua tokeni zake, mpaka nyumba itengenezwe. Ilichukua wiki mbili na siku kadhaa. Mke wake alikuwa akituletea mahamri kila asubuhi, mpaka wangu wakagoma kula mkate.

Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mlima. "Nyumba hii ina stima miaka thelathini, haijaua mtu." Tulimheshimu, ni mzee wetu, tukamwomba tu aruhusu fundi mwenye leseni ya EPRA aje na kipimo cha ethi. Fundi alifuata waya wa ethi kutoka kwenye boksi la mita hadi nyuma ya nyumba, akakuta umeliwa na kutu mahali unapoungana na nondo. Nondo yenyewe ilikuwa fupi, imepigiliwa kwenye mawe ya matumbawe kisha ikamwagiwa saruji. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, nondo haishuki kirahisi, na jiwe kavu halipitishi umeme vizuri. Ndiyo maana gari lilikubali wakati wa mvua. Akapigilia nondo mbili mpya ndefu upande wa karo la bafu ambako ardhi haikauki, akaziunganisha, akazigeuza soketi zilizokuwa kinyume, akafunga na ELCB, ile swichi inayokata umeme ukianza kuvuja.

Gharama waligawana nusu kwa nusu, baada ya mzee kuona kipimo kwa macho yake. Gari lilichaji usiku uleule. Siku ya tatu dada mpangaji wa ghorofani akateremka kuuliza tumefanya nini, maana friji yake ilikuwa ikimtekenya mkono kila akiifungua peku, tangu ahamie, na sasa imeacha.